Sukari ya Baba na Sukari ya Shangazi

Baba yangu na shangazi yangu walizaliwa tumbo moja huko Pangani, wakalelewa nyumba moja, wakala chungu kimoja, na katika utu uzima wao wote wawili walipatikana na kisukari. Shangazi, aliyekuwa mkubwa, alianza mwaka 1996. Baba akafuata mwaka 1998. Daftari zao za kliniki ninazo hadi leo, zimevalishwa nailoni zisilowe, na kila ukurasa una tarehe, uzito, presha na sukari kwa mwandiko wa wauguzi mbalimbali. Ukizifungua pamoja utaona mara moja kwamba shangazi ndiye aliyekuwa na sukari mbaya zaidi: 13, 16, mara moja 19, kwa sababu hakuwahi kuiacha chai yake ya maziwa wala kaimati za Ramadhani. Baba alishika masharti. Namba zake nyingi ni 8 na 9, na penye 10 muuguzi mmoja aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "aongezewe ushauri."

Alfajiri moja ya mwaka 2009 baba alirudi kutoka msikitini, akakaa barazani, kanzu imelowa jasho mgongoni ingawa kulikuwa na upepo wa bahari. Hakulalamika maumivu ya kifua hata kidogo. Aliniambia, "Nimechoka tu, mwanangu, nipe maji." Tukadhani sukari imeshuka, tukamkorogea maji ya sukari, tukasubiri. Kipimo cha umeme wa moyo kilichofanyika mchana kilionyesha kwamba sehemu ya msuli wa moyo wake ilikwisha kufa. Baadaye nilielewa kwamba kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ile ya moyo ikiwemo, kiasi kwamba mshtuko wa moyo unaweza kuja bila ya yale maumivu makali ambayo watu huyatarajia. Baba alifariki siku ya kumi na moja, akiwa na miaka 61. Shangazi aliishi hadi mwaka 2022, akafa akiwa na miaka 81, na moyo wake haukuwahi kumsumbua.

Katika matanga ya baba watu walisema ni kudura ya Mwenyezi Mungu, nami sina neno juu ya hilo. Lakini mimi ni mteknolojia wa maabara, kazi yangu ni damu za watu, na nilitaka kujua kudura hiyo ilipitia njia gani ndani ya mwili. Kwa nini yeye, na si dada yake mwenye sukari ya 19?

Uhusiano wa kisukari na moyo wenyewe hauna ubishi. Mwaka 1998, mwaka ule ule baba alioanza kliniki, watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kufuatilia watu kwa miaka saba: wenye kisukari ambao hawajawahi kupata mshtuko wa moyo walipatwa nao kwa asilimia 20.2, na watu wasio na kisukari ambao tayari walikwisha kupata mshtuko mmoja walipatwa na mwingine kwa asilimia 18.8. Tafiti za baadaye zilipunguza ukali wa ulinganisho huo, kwani wagonjwa wa kisukari hawafanani wote, lakini picha ya msingi ilibaki.

Kinachotokea ndani ya mshipa kinahitaji kuelezwa taratibu. Watu wengi hudhani mafuta huganda ndani ya ateri kama yanavyoganda ndani ya bomba la jikoni, na sivyo. Ukuta wa ateri ni nyama hai. Chembe za kolesteroli mbaya hupenya chini ya ngozi laini ya ndani ya mshipa, huharibika huko, na mwili huzichukulia kama uchafu au adui. Chembe nyeupe za damu huingia kuzila, hula mpaka zinavimba na kufa, na kila zinapokula hutoa protini za kuita wenzao, mbili mashuhuri zikiwa intalukini-1 beta na intalukini-6. Hali hii ya mwili kupigana ndani ya nyama yake yenyewe, ile ile inayofanya kidonda kiwe chekundu, cha moto na kivimbe, ndiyo mchochota. Ndani ya ateri mchochota huo hauonekani wala hauumi, lakini hulilainisha ganda linalofunika donge la mafuta lililojengeka hapo, na siku ganda likipasuka damu huganda papo hapo na mshipa huziba. Sukari nyingi huuchochea moto huo kutoka pande kadhaa, kwa sababu glukosi hujibandika kwenye protini za mwili, huzibadilisha umbo, na protini zilizobadilika huziamsha tena zile chembe nyeupe.

Ni hapo jeni zinapoingia, kwani kila protini niliyoitaja ina jeni inayoitengeneza, na jeni hizo hazifanani kwa watu wote. Miongoni mwake iko moja ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi kuliko zote, jeni ya haptoglobini, na sababu ya kuipenda ni kwamba kazi yake ninaiona kwa macho kila wiki.

Sampuli ya damu ikivutwa vibaya, kwa sindano nyembamba mno au kwa haraka, chembe nyekundu hupasuka. Ukiizungusha kwenye mashine, badala ya seramu ya rangi ya manjano iliyoiva, unapata seramu ya waridi, na mara nyingine nyekundu kama maji ya rozela. Sisi huikataa sampuli ya namna hiyo na kuomba nyingine. Rangi ile ni himoglobini iliyotoka nje ya chembe zake. Ndani ya chembe himoglobini ni mtumishi mwema anayebeba oksijeni, lakini nje yake ni hatari, kwa sababu chuma kilichomo huozesha mafuta na protini zinazoizunguka. Mwilini chembe nyekundu kidogo hupasuka kila siku, hata ndani ya yale madonge ya ateri, ambamo vimishipa vyembamba huvuja damu. Haptoglobini ndiyo inayoikamata himoglobini hiyo, kuishika barabara, na kuipeleka kwenye chembe nyeupe zenye mlango maalumu wa kuipokea. Ugonjwa unaopasua chembe nyekundu kwa wingi, kama malaria, huimaliza haptoglobini kwenye damu. Ndiyo maana Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil nchini Kenya na ambaye mwaka 1954 alionyesha uhusiano wa selimundu na malaria, alipopima damu za Wanigeria pamoja na wenzake miaka michache baadaye aliwakuta wengi ambao haptoglobini yao haikuonekana kabisa.

Kwamba haptoglobini ina aina zaidi ya moja kulijulikana mwaka 1955, na habari yake imeniathiri sana kwa sababu ilianzia kwenye kisukari. Oliver Smithies, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Toronto, mji ambao insulini ilipatikana mwaka 1921, alikuwa akitafuta protini ambayo insulini hutokana nayo. Karatasi alizotumia kutenganisha protini zilimsumbua kwa kuwa insulini iliganda kwenye karatasi. Akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akipika wanga wa kutilia nguo, ambao ukipoa hugeuka kama jeli. Akapika wanga wa viazi, akaumimina kwenye sinia, akaupitishia umeme, na protini za damu zikajipanga kwa mistari ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Insulini hakuitatua kwa njia hiyo, lakini aligundua kwamba mistari ya haptoglobini haifanani kati ya mtu na mtu, na akishirikiana na Norma Ford Walker akathibitisha kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Nusu karne baadaye, mwaka 2007, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine ya jeni.

Aina hizo ni mbili, ya kwanza na ya pili, na kwa kuwa kila mtu hurithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama, tunagawanyika makundi matatu: wenye 1-1, wenye 2-1 na wenye 2-2. Aina ya pili ina kipande cha jeni kilichojirudia, na hata sokwe, jamaa zetu wa karibu, hawana. Protini ya wenye 1-1 ni ndogo na nyepesi. Ya wenye 2-2 hujiunga kwa mafundo makubwa, hukamata himoglobini lakini kuiondoa kwenye damu huchukua muda mrefu zaidi. Tena chembe nyeupe inapopokea mzigo kutoka kwa 1-1 hutoa kwa wingi protini za kutuliza mchochota, na inapopokea kutoka kwa 2-2 hutoa kidogo. Ndugu wa tumbo moja si lazima wafanane katika hili. Wazazi wawili wenye 2-1 wanaweza kuzaa mtoto wa 1-1 na mwingine wa 2-2.

Aliyeiunganisha tofauti hiyo na moyo wa mgonjwa wa kisukari ni Andrew Levy wa chuo cha Technion, Haifa, nchini Israeli. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu zilizohifadhiwa kutoka kwa Wamarekani wa asili walioshiriki utafiti wa moyo wa miaka mingi. Miongoni mwa wenye kisukari, wale wa 2-2 walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo na mishipa takribani mara 5 ya ule wa wenzao wa 1-1. Jambo lililonisimamisha niliposoma ni kwamba kwa wasio na kisukari tofauti hiyo haikuonekana. Mtu anaweza kuzaliwa na 2-2, akaishi, akazeeka na kuzikwa, na jeni hiyo isimdhuru moyo, ilimradi sukari haikupanda. Sukari ikipanda, protini ile ile aliyokuwa nayo tangu tumboni mwa mama yake inashindwa kazi, himoglobini inabaki muda mrefu, inajibandika kwenye kolesteroli nzuri na kuiharibu, hata ile iliyokuwa ikisafisha mishipa inageuka kuwa sehemu ya uchafu. Nimetafuta neno la Kiswahili linaloweza kuieleza jeni ya namna hii nikashindwa kupata bora kuliko mbegu iliyolala. Haioti mpaka mvua inyeshe.

Matumaini yalipanda sana mwaka 2008. Vitamini E ilikwisha jaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa na mwaka 2000 utafiti mkubwa uitwao HOPE, wenye washiriki zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba haizuii magonjwa ya moyo. Kundi la Levy likauliza kama haisaidii mtu yeyote, au husaidia wachache na faida yao ikamezwa na wengi. Wakachukua watu 1,434 wenye kisukari cha aina ya pili, wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wote wa 2-2, nusu wakapewa yuniti 400 za vitamini E kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 18 walikuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo asilimia 2.2 ya waliopewa vitamini na asilimia 4.7 ya wasiopewa, na utafiti ukasitishwa kabla ya wakati wake.

Mimi nilipousoma, baba akiwa amekwisha kufariki, nilisisimka, nakiri, na jioni ile nilikaa na karatasi nikihesabu baba angekuwa na umri gani. Lakini nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba utafiti mmoja wa muda mfupi, uliosimamishwa mapema, katika nchi moja, hauwi dawa ya kila mtu. Miongozo ya tiba haikuuchukua. Na vitamini E si peremende: mwaka 2011 wanaume waliopewa kiasi kile kile cha yuniti 400 kwa miaka kadhaa katika utafiti mwingine walionekana kupata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Nalisema hili kwa sababu kila mwezi mtu huniletea chupa aliyouziwa na kuniuliza kama ni kinga ya moyo kwa mwenye sukari.

Jeni nyingine nitazipitia kwa kifupi. Protini ya CRP, ambayo ini hutengeneza mwili unapokuwa na mchochota, sisi maabara huipima kila siku, na wenye CRP ya juu kweli hupata zaidi magonjwa ya moyo. Lakini mwaka 2011 watafiti waliokusanya taarifa za karibu watu 200,000 walionyesha kwamba watu waliozaliwa na jeni ya kuongeza CRP hawapati mshtuko wa moyo zaidi ya wengine. Panapofuka moshi pana moto, na CRP ni moshi. Ukiupepea, moto uko pale pale. Jeni ya kipokezi cha intalukini-6, yaani mlango wa chembe unaoipokea protini hiyo, ilitoa jibu la upande wa pili. Mwaka 2012, makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwamba kila nakala ya aina fulani ya jeni hiyo, inayodhoofisha mawasiliano ya mchochota, hupunguza uwezekano wa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 3 hadi 5. Ni kidogo kwa mtu mmoja. Kwa sayansi lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mtu hachagui jeni zake kama anavyochagua chakula, kwa hiyo tofauti hiyo ilielekeza kidole kwenye moto wenyewe.

Dawa zikafuata njia hiyo. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, kwa watu 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP iliyopanda, wanne kati ya kila kumi wakiwa na kisukari, ulionyesha kwamba sindano ya kuzuia intalukini-1 beta ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 15 bila kugusa kolesteroli. Pia iliongeza vifo vya maambukizi, kwa kuwa mchochota ndiyo silaha yetu dhidi ya vijidudu, na dawa haikupata kibali cha kutumika kwa moyo. Mwaka uliofuata methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza mchochota, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa moyo wenye kisukari au dalili zinazoelekea huko, haikusaidia kitu. Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, ilipunguza matukio kwa asilimia 23 katika utafiti wa mwaka 2019, kisha utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2024 haukuona faida. Wanaosema jambo hili limekwisha wanaharakisha.

Binamu zangu, watoto wa shangazi na ndugu wengine, wamekuwa wakiniuliza kama tuchange fedha tupeleke damu zetu nje kupimwa jeni. Swali ni la haki, na ninapolijibu huanza na Tanzania yenyewe. Miaka ya 1980 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa na mbinu havilingani sawasawa, mijini na vijijini vimechanganywa katika upimaji wa pili, lakini hata ukikata nusu ongezeko ni kubwa mno, na jeni za taifa hazibadiliki katika miaka 30. Wahindu wa Dar es Salaam, waliopimwa na kundi lile lile la Muhimbili, tayari walikuwa na kisukari kingi wakati vijiji vilikuwa bado na kidogo, na India ndiko aina ya pili ya haptoglobini ilikojaa kuliko karibu kote duniani, wakati Afrika Magharibi ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi. Mbegu zilikuwa ardhini siku zote. Kilichobadilika ni mvua.

Kisha huzitoa zile daftari mbili, nikawaonyesha kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona kwa miaka mingi, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye safu ya sukari. Katika safu ya presha ya shangazi kuna 120, 125, 118. Katika ya baba kuna 150/95, 158/98, 160/100, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka kumi na moja, na mbele yake hakuna dawa ya presha iliyoandikwa hadi mwaka 2007. Kolesteroli yake haikupimwa hata mara moja. Ukurasa wa kwanza, kwenye swali la sigara, imeandikwa "ndiyo, paketi nusu," na sote tunajua aliacha mwaka 2003. Shangazi hakuwahi kuvuta. Haptoglobini zao hazikupimwa wala hazitapimwa tena. Inawezekana baba alikuwa 2-2 na dada yake 1-1. Inawezekana walikuwa sawa. Lakini hakukuwa na haja ya sinia ya wanga kuona kwamba mmoja wao alikuwa hatarini. Iliandikwa kwa wino, na tuliobeba daftari ile kwenda na kurudi, mimi nikiwemo, hatukuisoma yote.

Kuna utafiti wa Denmark uitwao Steno-2 ambao huwasimulia binamu zangu mara nyingi. Ulikuwa na watu 160 tu wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilianza kuvujisha protini. Nusu walitibiwa kama kawaida, nusu walishikiwa kila kitu kwa pamoja: sukari, presha, kolesteroli, sigara, chakula, mazoezi. Baada ya takribani miaka minane, matukio ya moyo katika kundi la pili yalikuwa karibu nusu ya yale ya kundi la kwanza, na walipofuatiliwa hadi miaka 21 waliishi karibu miaka minane zaidi. Hakuna aliyeulizwa jeni yake. Katika watu wale 80 bila shaka walikuwamo wa 2-2, na wao pia walishikiwa presha na kolesteroli sawa na wenzao.

Sipingi upimaji wa jeni. Siku maabara zetu zitakapopima haptoglobini kwa bei ya kipimo cha malaria, nami nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na ninatamani tafiti za aina ya Levy zifanyike kwa damu za Tanga, Kisumu na Bujumbura, si kwa damu za Haifa na Marekani peke yake, kwa kuwa dawa zinazotokana na jeni hufuata jeni zilizochunguzwa. Ila fedha ya mchango wa ukoo nimeomba itumike kununua mashine tatu za kupimia presha.

Kaka yangu mdogo ana miaka 52 na kisukari chake kina miaka minne. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki nikiwa na daftari yake mkononi. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 7.4, namba nzuri, na daktari kijana akataka kuifunga daftari. Nikamwomba aangalie safu ya pili. Ilikuwa 148/92, na ziara iliyotangulia 150/94. Akaketi tena, akaandika dawa ya presha, akaandika kipimo cha kolesteroli na cha protini kwenye mkojo, na majibu yalipotoka akaongeza statini, dawa ya kupunguza kolesteroli. Kaka yangu alilalamika njia nzima kwamba ameingia na dawa mbili na kutoka na nne. Tulipofika nyumbani nilimwekea vidonge kwenye kiboksi chenye siku saba, nikakiweka juu ya meza ya chakula, pembeni ya birika la chai.